Mtihani wa kusikiliza wa IELTS: mwongozo kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Kila msimu wa usajili wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, maswali ni yale yale. Je, rekodi hurudiwa? Naruhusiwa kuandika kwa herufi kubwa tupu? Mbona naelewa kila kitu halafu napata bendi (daraja la alama) 5.5 kati ya 9? Rekodi hairudiwi, herufi kubwa zinaruhusiwa, na hilo swali la tatu ndilo lililofanya mwongozo huu uandikwe. Wengi wanaopata alama ndogo hawana tatizo la sikio. Wanazipoteza alama kwenye kalamu: herufi moja iliyoachwa mwishoni mwa neno, neno moja lililozidi, au saa ambayo msemaji aliisahihisha wakati wao wameshaiandika na kuendelea.

Unachokwenda kukutana nacho

Mtihani una sehemu nne zenye maswali kumi kila moja, jumla 40, na rekodi huchukua kama dakika 30. Ni ule ule kwa anayefanya Academic (toleo la masomo ya chuo) na anayefanya General Training (toleo la kazi au uhamiaji). Sehemu ya kwanza ni mazungumzo ya watu wawili kuhusu jambo la kawaida, kwa mfano kukodi chumba au kujiunga na klabu. Ya pili ni mtu mmoja akieleza kuhusu mahali au huduma. Ya tatu ni wanafunzi, mara nyingi na mwalimu wao, wakijadili kazi ya masomo. Ya nne ni mhadhara, na huu hauna mapumziko katikati.

Majibu sahihi 16 hukuweka karibu na bendi 5, 23 bendi 6, 30 bendi 7, na 35 bendi 8; mpaka husogea kidogo kati ya mtihani mmoja na mwingine. Muuguzi anayetaka kusajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, huhitaji 7 katika kusikiliza, kwa hiyo anaweza kukosa takriban maswali kumi na bado akapita. Kumbuka hilo, kwa sababu lina maana kubwa katika hatua ya 6. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo usiache nafasi wazi hata moja.

Vitu vya kuandaa

- Mitihani ya mazoezi isiyopungua minane, yenye rekodi, majibu na maandishi kamili ya rekodi. Bila maandishi hayo hutajua ulikosea wapi.
- Hedifoni za kawaida za waya. Ukifanyia kwenye karatasi, uliza kituo chako kama wanatumia hedifoni au spika ya ukumbini. Kama ni spika, nusu ya mazoezi yako fanya redio ikiwa upande wa pili wa chumba.
- Penseli na kifutio kwa mtihani wa karatasi. Kwa mtihani wa kompyuta, kibodi halisi. Kuchapa kwa vidole gumba kwenye simu hakukuandai.
- Daftari moja la makosa.
- Rekodi zilizopakuliwa kabla. Bando likikatika katikati ya sehemu ya tatu, zoezi zima limeharibika.

Hatua kwa hatua

1. Jipime kwanza. Fanya mtihani mmoja mzima, bila kusimamisha wala kurudisha nyuma, simu ikiwa imezimwa. Andika alama za kila sehemu peke yake. Mwenye 9, 8, 4, 4 na mwenye 6, 6, 7, 6 wote wana 25, lakini hawahitaji dawa moja.

2. Sahihisha kwa kutaja sababu. Kando ya kila kosa weka herufi: T kwa tahajia, W kwa wingi au umoja, Z kwa maneno yaliyozidi, M kwa mtego wa msemaji kubadili kauli, S kwa sauti uliyoisikia vibaya, N kwa neno usilolijua, P kwa kupotea. Baada ya mitihani mitatu hesabu herufi zako. Zikitawala T, W na Z, huhitaji kusikiliza zaidi. Unahitaji kuandika vizuri zaidi. Watu wengi hufanya mitihani ishirini mfululizo na kuangalia jumla tu, na ndiyo maana jumla haisogei.

3. Tabiri kabla sauti haijaanza. Unapewa muda mfupi wa kusoma maswali. Soma kwanza maagizo ya idadi ya maneno na uizungushie duara. Kisha pita kila nafasi ukijiuliza: hapa pataingia nini? Namba, siku, jina la mtu, kitu kimoja au vitu vingi? Mbele ya "a" au "an" patakaa kitu kimoja. Baada ya "several" au "a few" patakaa wingi. Baada ya "£" ni namba. Andika alama ndogo pembeni, kwa mfano "nmb" au "wng". Maneno utakayoyapigia mstari ni yale yasiyoweza kubadilishwa kirahisi: majina, tarehe, mahali. Hayo ndiyo yatakayokuonyesha mazungumzo yamefika wapi.

   Mwisho wa kila sehemu hutolewa muda mfupi wa kukagua majibu. Utumie kusoma maswali ya sehemu inayofuata. Makosa ya tahajia ya nyuma yatasubiri. Maswali ya mbele hayasubiri.

4. Weka macho kwenye maswali mawili. Majibu huja kwa mpangilio wa maswali, ila vitu kwenye orodha ya kuchagulia ndivyo huchanganywa. Ukiwa unasubiri jibu la swali la 14, jicho moja liwe kwenye la 15. Ukisikia habari za 15, ujue 14 limeshapita.

5. Subiri sentensi iishe. Karibu kila mtihani una mtu anayesema jambo kisha akalibadili. "Let's make it Thursday. Oh, hang on, I've got the dentist that day. Could we do Friday?" Aliyekimbilia kuandika "Thursday" amekosa, ingawa alisikia vizuri kabisa. Zizoee ishara za kugeuka: "actually", "sorry", "I mean", "we used to", "but this year", "apart from". Mtego mwingine ni jibu sahihi la swali lingine: "We open at half past eight, but on Saturdays it's nine." Swali likiuliza Jumamosi, 8:30 ipo pale kukupoteza. Andika unachosikia kwa wepesi, lakini usikipe moyo mpaka mwenzake ajibu.

6. Ukipotea, ruka. Hapa ndipo alama nyingi huondoka kwa pamoja. Mtu anakosa swali moja, anaanza kulitafuta kichwani, na akishtuka matatu yamepita. Lililopita liache, weka kinyota, tafuta neno la swali linalofuata. Msemaji hukusaidia kwa maneno ya kuhama: "now, moving on to", "turning to", "what about", "finally". Mwenye kutafuta 7 ana maswali kumi ya kupoteza. Kupoteza moja si msiba.

7. Kwenye maswali ya kuchagua, ogopa neno ulilolisikia. Ukiona chaguo lenye neno lile lile lililotamkwa, lishuku kwanza. Jibu sahihi kwa kawaida limevaa maneno mengine: karatasi inasema "cheap", msemaji anasema "it won't cost you much", karatasi inasema "every two weeks", yeye anasema "fortnightly", karatasi inasema "on foot", yeye anasema "it's only a ten-minute walk". Kabla ya rekodi, yageuze machaguo A, B na C kuwa neno moja moja kichwani, tena kwa Kiswahili ukipenda: bei, umbali, muda. Ni rahisi kushika maneno matatu kuliko sentensi tatu. Machaguo yote matatu huweza kutajwa; swali ni lipi linakubaliwa na lipi linakataliwa.

8. Kwenye ramani, anza pale uliposimama. Tafuta mlango au alama ya kuanzia, weka ncha ya penseli hapo na uisogeze kadiri msemaji anavyoelekeza. Angalia kama kuna mishale ya kaskazini na kusini. Maneno ya kujua bila kufikiri: "opposite", "next to", "just past", "at the far end", "on your left as you go in". Kushoto na kulia ni kwa anayetembea ndani ya ramani. Ukiwa unashuka kuelekea chini ya ukurasa, kushoto kwako ni kulia kwa karatasi.

9. Sehemu ya nne isome mapema. Kwa kuwa haina mapumziko, utasoma maswali yote kumi kwa mkupuo. Soma vichwa vidogo vya muhtasari kwanza, ndivyo vitakavyokuambia mhadhiri yuko wapi. Maneno mageni yapo mengi, lakini jibu lenyewe huwa ni neno la kawaida: "clay", "roots", "noise". Usitishwe na jina la mdudu au la madini. Mhadhiri hulitaja kisha hulieleza.

10. Hamisha na ukague. Kwenye karatasi una dakika 10 za kuhamishia majibu kwenye karatasi ya majibu. Hamisha ukisoma namba ya swali, si kwa kufuata mistari tu. Ukiruka mstari mmoja, yote ya chini yake yanakwenda kombo. Kwenye kompyuta huna dakika 10, una 2 za kukagua tu, kwa hiyo kila jibu lichapwe mahali pake wakati rekodi inaendelea. Kagua kwa mpangilio huu: idadi ya maneno, "s" ya wingi, tahajia, nafasi zilizo wazi.

Kuhusu idadi ya maneno

Maagizo yakisema "ONE WORD ONLY" ukaandika "the library", umekosa, ingawa maktaba ndiyo yenyewe. Yakisema "NO MORE THAN TWO WORDS AND/OR A NUMBER", unaruhusiwa neno moja, mawili, namba, au maneno mawili pamoja na namba. Neno lenye kistari kama "part-time" huhesabiwa moja. Neno ambalo tayari limechapishwa kwenye swali usilirudie: kama nafasi inafuatwa na "centre", andika "sports", usiandike "sports centre". Namba andika kwa tarakimu. Hakuna tuzo ya kuandika "seventeen" kwa herufi, ila kuna hatari ya kukosea. Tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote hupokelewa.

Mitego ya sikio lililozoea Kiswahili

Vitabu vingi vya maandalizi huandikwa kwa mtu yeyote wa dunia, na hivyo havigusi haya.

*Majina ya herufi.* Sehemu ya kwanza hupenda mtu ataje jina lake herufi kwa herufi. Kwa Kiingereza E hutamkwa kama "i" yetu, I hutamkwa "ai", na A hutamkwa "ei". Mkono ulio na haraka huandika I palipotajwa E. R ya Uingereza ni hatari zaidi: husikika kama "aa", na wengi huandika A. G ni "ji", J ni "jei". Z ni "zed" Uingereza na Australia, lakini "zi" Marekani, ambayo kwa haraka hufanana na C. Mwambie mtu akusomee majina 20 ya mitaa na ya watu kila siku kwa juma moja, kwa kasi ya kawaida. "Double l" ni L mbili, "double seven" ni 77, na "oh" kwenye namba ya simu ni sifuri.

*Saa.* Msemaji anasema "at seven", kichwa kinasema saa moja, mkono unaandika 1. Usitafsiri. Andika 7 papo hapo. "A quarter to eight" ni 7:45, na usiipitishe kwenye saa mbili kasorobo hata kidogo.

*Kumi na tatu na thelathini.* Vitabu husema "thirteen" ina mkazo mwishoni na "thirty" ina mkazo mwanzoni. Ni kweli neno likiwa peke yake, lakini ndani ya sentensi kama "thirteen people" mkazo wa "thirteen" huweza kuhamia mwanzoni. Sikiliza "n" ya mwisho na irabu ndefu inayotangulia.

*Konsonanti za mwisho.* Maneno yetu huishia kwenye irabu, hivyo sikio halijazoea kungoja kitu baada yake. "Students" huwa "student", "walked" huwa "walk". Tiba ni sarufi: soma sentensi nzima ukiwa umelijaza jibu. "Bring two photograph" haisimami, kwa hiyo "s" ilikuwepo hata kama hukuisikia.

*Irabu.* Sisi tuna tano. Kiingereza kina nyingi kuliko hizo. "Hat", "hut", "heart" na "hurt" kwa wengi wetu ni sauti moja. Usipoteze juma zima kujaribu kuzitenganisha kwa sikio tupu. Muktadha huchagua haraka zaidi. Kwa baadhi yetu L na R pia huchanganyika kutokana na lugha ya nyumbani, na hapo "collect" na "correct" zinahitaji uangalifu huo huo.

*"Can" na "can't".* Katika usemi wa kawaida "can" hufifia hata ikawa "kn". Ukisikia irabu iliyo wazi na yenye nguvu, mara nyingi ni "can't", hata kama "t" imemezwa. Waingereza huivuta: "kaant".

*Tahajia.* Tumezoea kuandika kama tunavyosikia, na Kiingereza hakikubali hilo. Andika kwa mkono, bila msaada wa simu, maneno kumi kwa siku. Anza na haya: accommodation, February, Wednesday, library, government, environment, restaurant, receipt, questionnaire, necessary, vegetables, temperature. Kompyuta ya mtihani haitakusahihishia.

Namna ya kufanya mazoezi katika juma

Mitihani mizima miwili kwa juma inatosha. Kila mmoja upe dakika 30 za kuufanya na saa nzima ya kuuchambua. Uchambuzi uende hivi: sikiliza tena maswali uliyokosa tu, ukisimamisha, bila kutazama maandishi, kisha fungua maandishi na upigie mstari sentensi iliyokuwa na jibu, halafu sema sentensi hiyo kwa sauti pamoja na rekodi mara tatu nne, ukiiga kasi na mdundo. Hili la mwisho watu hulidharau kwa kuona haya, na ndilo linalofundisha sikio kupokea maneno yaliyoungana kama "wanna" na "gonna".

Siku nyingine fanya imla ya dakika 15: dakika moja ya rekodi, sentensi moja moja, uandike kila neno. Kwa lafudhi, redio za BBC, ABC ya Australia na RNZ ya New Zealand zinatosha. Filamu zenye maandishi chini ya skrini ni burudani nzuri, lakini hapo macho ndiyo yanayofanya kazi.

Matatizo na tiba zake

*Sehemu ya kwanza napata 9, ya nne napata 3.* Msamiati na kasi ya kusoma maswali. Kwa juma mbili fanya sehemu ya nne pekee, moja kila siku, na usome maswali ndani ya sekunde 40 huku ukipima kwa saa.

*Nimekwama kati ya 26 na 29.* Fungua daftari la makosa. Katika kiwango hiki T, W na Z huwa na maswali matatu au manne ndani yake, na hayo ndiyo yanayokutenga na bendi 7.

*Waaustralia siwaelewi.* "Day" yao hukaribia "dai", kwa hiyo herufi A wakiitaja husikika kama I. Kwa watu wa New Zealand, "ten" hukaribia "tin". Sikiliza taarifa ya habari ya kila nchi dakika kumi kwa siku. Sikio huzoea ndani ya juma chache.

*Mawazo yanahama katikati.* Penseli isikae bure. Fuata maswali kwa ncha yake hata pasipo na la kuandika. Na ufanye mazoezi saa ile ile ya mtihani wako, si usiku wa manane.

*Nikiandika sisikii.* Andika kwa mkato: "accom" badala ya neno zima, halafu umalizie wakati wa kuhamisha. Kwenye kompyuta chapa herufi nne za mwanzo, malizia msemaji anapovuta pumzi, na hakikisha hakuna lililobaki nusu kabla ya zile dakika 2 kwisha.

*Sauti ni ndogo au hedifoni ina kasoro.* Kabla ya mtihani hupigwa sauti ya majaribio. Hapo ndipo pa kunyoosha mkono, hata kama wengine wote wamenyamaza. Hitilafu ikitokea katikati, mwambie msimamizi papo hapo na uombe iandikwe kwenye taarifa ya chumba kabla hujatoka. Malalamiko yanayoletwa baada ya matokeo ni vigumu kuyathibitisha.